Desemba Hakuna Mgonjwa

Jumatatu, 24 Novemba 2025

Chifu mdogo amepiga simu asubuhi. Nilidhani ni redio yake tena. Hapana — kuna watafiti wamefika, wanataka mtu wa kuwaonyesha njia na kuwatafsiria kwa wazee. Nimechaguliwa kwa sababu naingia kila boma. Ni kweli. Kwa kutengeneza redio na taa za sola miaka yote hii, nimekaa jikoni mwa watu kuliko paka.

Mkubwa wao anaitwa Daktari Onyancha. Si daktari wa sindano, ni wa hesabu. Viatu safi sana. Tutaona. Ametueleza kazi pale kambi ya chifu. Kaunti haiwezi kumpima kila mtu, kwa hivyo inatumia viashiria. Kiashiria, akasema, ni kitu kidogo unachokiangalia ndiyo ujue kitu kikubwa usichokiona. Nao wamekuja kuvipima hivyo viashiria vyenyewe: ukimuuliza mtu hali ya afya yake, jibu lake linaaminika? Ama ni lazima umtoboe kidole?

Nikauliza majibu yataenda wapi. Akasema — na hapo nikaacha kuchezea kofia — mwezi wa kwanza kuna gari linakuja, lina kamera ya kuingiza kooni. Sehemu itakayoonekana mbaya zaidi italipata kwanza. Bila malipo.

Kooni.

Chemutai hagusi ugali mkavu tangu mwezi wa tisa. Anauzamisha kwa supu mpaka unakuwa uji. Anasema ni meno. Meno ya mke wangu nayajua — yanafungua soda. Mamake alianza hivyo hivyo, kwa supu. Jina la huo ugonjwa hatulitaji hapa nyumbani. Nikimwambia twende hospitali jibu ni moja: baada ya koito.

Koito ya Nelvine ni tarehe kumi na tatu. Watu wa Benard watakuja kumchumbia rasmi, familia zote mbili zikae chini ya hema moja. Ni binti yetu wa pekee. Na sasa hivi hao watu, wa upande wa Kabianga, wanauliza-uliza. Ndiyo desturi. Kabla hujatoa ng'ombe unachunguza nyumba. Wana kifafa? Wana wazimu? Nyanya ya msichana alikufa na nini? Jibu la hilo la mwisho likiungana na habari ya supu, Benard atatafutiwa msichana mwingine kabla ya Krismasi.

Nimekubali kazi. Akiulizwa na mtu wa kaunti, si mimi, labda atasema.


Jumatano, 26 Novemba

Anayeuliza maswali anaitwa Quinter. Msichana wa upande wa ziwa, mwepesi wa kucheka, anaandika kwa tableti. Ana swali moja ambalo ni mama ya maswali yote: Kwa jumla, afya yako ni nzuri sana, nzuri, ya katikati, mbaya, ama mbaya sana?

Boma la kwanza: nzuri sana. La pili: nzuri sana. La tatu walitupikia chai kwanza, halafu nzuri sana.

Kwa Zacheus nilingoja kwa hamu. Zacheus alilaliwa na trekta la majani chai, mguu ukapona ukiangalia upande wake. Quinter akauliza, je, una ugumu wowote wa kutembea?

"Hakuna."

Quinter akaangalia fimbo. "Na hii, mzee?"

"Hii ni ya mbwa."

Msichana wa watu akageuka kumtafuta mbwa. Kwa heshima kabisa! Zacheus hajawahi kufuga mbwa. Mimi nimetafsiri kama ilivyosemwa. Kazi yangu ni maneno.

Mvua ilitukuta kwenye mteremko wa majani. Viatu vya Onyancha sasa ni kama vyetu.

Nyumbani, Chemutai alikuwa amekula tayari. Siku hizi kila nikifika amekula tayari.


Ijumaa, 28 Novemba

Leo nimeelewa. Nilikuwa mjinga, ama nilikuwa naangalia viatu vya watu.

Tulikuwa kwa Kogo Rebeccah, yule nyanya wa juu ya kisima (kogo ni nyanya kwetu). Akamtazama Quinter toka kichwa mpaka miguu, kisha akaniuliza kwa Kipsigis: huyu ametumwa na watu gani, wa Litein ama wa Sotik?

Nikamwambia ni wa kaunti.

"Kaunti nayo iko na msichana wa kuoza?"

Mjukuu wake anatafuta mke, ndiyo maana. Quinter akaendelea na lake. Hapa mnaishi watu wangapi? Wanne. Kukatoka kikohozi nyuma, jikoni. Kirefu, cha kutoka chini.

"Na huyo ni nani, Kogo?"

"Ndama."

"Ndama anakohoa hivyo?"

"Baridi ya huku, mama."

Huyo ndama aliimba besi kwenye kwaya yetu mpaka mwaka jana. Ni mume wake.

Tulipotoka ndiyo ikanijia yote pamoja. Shule zimefungwa. Watu wa Nairobi wanarudi. Mahema yamekodishwa yote kuanzia Silibwet hadi Bomet mjini. Kila boma ama linaoa ama linaoza. Na katikati ya msimu kama huo anaingia mgeni msafi, mwenye adabu, anauliza: kuna mwenye kifafa hapa? Kuna aliyewahi kuchanganyikiwa? Wazazi wako walikufa kwa ugonjwa gani? — Hata mimi ningesema ndama.

Nilimweleza Quinter. Akakaa juu ya jiwe kando ya majani chai, akacheka mpaka akapangusa macho. Halafu akaacha.

Akasema, kwa hivyo wananidanganya wote?

Nikamwambia, wewe wanakuheshimu, uongo ni wa wakwe. Rudini mwezi wa pili. Mwezi wa pili hapa kuna wagonjwa wengi sana.

Akasema ratiba ilipangwa Nairobi, hata Onyancha hawezi kuisogeza.

Huko Nairobi Desemba ni mwezi tu.


Jumapili, 30 Novemba

Leo ilikuwa meza ya Bwana. Mkate ulipita, Chemutai akachukua kipande, akatia mdomoni, akainamisha kichwa kama wengine. Wimbo ukaisha. Maombi yakaisha. Kichwa bado chini. Mtu angesema ni mcha Mungu.

Nje, nyuma ya mti wa msonobari, nilimwona akitoa leso. Akakitoa kile kipande, kizima, akakifunga vizuri kwenye kona. Hakukitupa. Angekitupaje.

Kipande cha ukubwa wa kucha!

Njiani nikamwambia, Mama Nelvine, nimekuona. Akasema, usianze. Tukatembea mpaka kwenye daraja. Akasema yeye mwenyewe, bila mimi kuuliza: Siku kumi na tatu, baba. Nimechuma majani chai na mimba ya miezi minane, siku kumi na tatu zitanishinda?

Aliniita "baba" vile huwaita watoto akiwabembeleza.


Jumanne, 2 Desemba

Onyancha ana furaha. Wamerudia kuuliza baadhi ya maboma, makusudi, kuona kama watu watabadilisha majibu. Hawakubadilisha hata moja. Zacheus amesema tena fimbo ni ya mbwa.

Nilimweleza Onyancha mimi mwenyewe habari ya koito, taratibu, kama unavyomweleza mtu kwamba ng'ombe aliyemnunua ana titi moja. Alinisikiliza vizuri, si mtu mbaya. Akasema hilo ni jambo la kuvutia, ataliweka kwenye maelezo ya chini. Lakini akasema pia, ukiuliza leo, ukiuliza kesho, jibu likawa lile lile, hicho ndicho kiashiria imara.

Jogoo wa Wanjuhi dukani huwika saa tano ya mchana kila siku, mvua ama jua. Imara kabisa.

Nikauliza, na ile mashine ya presha mnayowafunga watu mkononi? Kwa sababu nimeona ikimpandia Kogo Rebeccah mpaka ikalia. Akasema hiyo hutokea, watu wakimwona mgeni moyo hukimbia. Sawa. Kumbe mdomo ndio hautishiki.

Kesho kutwa ni zamu ya nyumba yangu. Tableti ndiyo ilichagua. Nimemwomba Quinter swali la kumeza aliulize polepole.


Jumatano, 3 Desemba

Mtu alikuja kununua mtamba. Hatuuzi mtamba. Akakaa saa nzima akiangalia mtamba ambao hauuzwi, na macho yake yako jikoni. Mtu wa Kabianga — nilimjua kwa vile alivyokataa chai ya pili. Jasusi wa kweli hukubali.

Chemutai akamletea mursik mwenyewe, maziwa yetu ya kugandishwa, kibuyu kizima, akatembea kama msichana. Akacheka kwa sauti. Akabeba ndoo ya maji mbele yake bila sababu yoyote!

Jamaa alipoondoka, Chemutai alikaa chini kwenye mlango na hakuinuka mpaka ng'ombe wakarudi.

Jioni nimepita kwa Wanjuhi kununua betri. Huyu mama ni Mkikuyu, alizaliwa hapa hapa Silibwet lakini bado anaitwa mgeni, na kwa sababu hiyo husema anachotaka. Akaniambia yule jamaa alipitia dukani pia, akauliza habari za mke wangu.

"Na ukasema nini, Mama Njuguna?"

"Nimesema ana nguvu kuliko mimi, ati ata mimi namwogopa." Akaweka betri mezani kwa nguvu. "Sasa hiyo ni ya mkwe. Yako ni hii: miezi mitatu unga wa ugali ananunua nusu, wa uji mara mbili. Kwani uko na mtoto mchanga huko, Baba Nelvine? Mwanaume mzima, unangoja nini?"

Nikamwambia tunangoja koito.

"Haya. Mtafungia hema moja shughuli mbili, koito na matanga."

Mdomo wa huyo mama. Nimekasirika njia nzima, na sijapata mahali pa kuiweka hasira kwa sababu ni kweli.


Alhamisi, 4 Desemba

Sheria yao: mwelekezi hawezi kukaa ndani nyumba yake ikiulizwa. Nikatoka kama raia mwema. Nikaenda nyuma ya jiko, kwa kuni, ambako ubao umeachana. Mtu ana haki ya kupasua kuni zake.

Kwa jumla, afya yako? Nzuri sana.

Una maumivu mahali popote? Hapana, labda ya kuolewa. (Quinter akacheka. Nami nikashika shoka vizuri.)

Mamako alifariki na nini? Uzee. — Mamake alifariki akiwa mdogo kuliko mimi nilivyo sasa.

Halafu polepole, kama nilivyomwomba: Mama, una ugumu wowote wa kumeza chakula? Hata kidogo? Hata mara moja kwa wiki?

Nilisikia kuku. Nikasema moyoni, sasa. Sasa, Chemutai.

"Kumeza nini, mtoto wangu? Hapa tunameza mpaka maneno ya majirani."

Na akacheka kile kicheko chake. Mimi huko nje nikatamani kucheka pia, ni hodari huyu mwanamke — na kuni sikupasua hata moja.

Nilimfuata Quinter barabarani. Nikamwambia yote. Mkate, leso, supu, mamake. Nikamwambia: andika mbaya. Andika ugumu mwingi.

Akasimama. Akasema, mzee, mimi naandika alichoniambia. Nikianza kuandika unachoniambia wewe, kesho nitaandika anachosema jirani juu yako.

Nikasema, lakini si umeona?

"Nimeona. Kwa tableti hakuna mahali pa kuandika nimeona."

Alisema hivyo kwa uchungu, si kwa kiburi. Kisha akatoa simu, akapiga, akaongea Kijaluo muda mrefu akizunguka-zunguka kwenye tope. Kuna mtu wa nyumbani kwao anafanya kazi hospitali kubwa, chumba cha hiyo kamera. Foleni ni ndefu, lakini Jumatatu ya tarehe kumi na tano kuna nafasi moja. Asubuhi. Asipofika, inapewa mtu mwingine, na inayofuata ni mwisho wa mwezi wa pili.

Tarehe kumi na tano. Siku mbili baada ya koito. Nimerudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeokota kitu.

Chemutai alisikiliza mpaka mwisho. Hakukataa. Akasema ataenda, lakini kwa sharti: mpaka Jumatatu mdomo wangu ufungwe. Kwa mtu yeyote. Kwa Nelvine pia.

Nikakubali. Ilikuwa rahisi hivyo.


Jumatatu, 8 Desemba

Baraza la matokeo, kambi ya chifu. Viti vya plastiki, soda, watu wengi. Kule nyuma nikamwona mnunuzi wetu wa mtamba, amekaa na mzee mwingine mwenye koti — baba mdogo wa Benard, nikaambiwa. Wamekuja kusikia afya ya wakwe ikisomwa kwa spika. Nani angewalaumu? Hata mimi ningekuja.

Onyancha akasimama na makaratasi. Akasema haya ni ya mwanzo tu, hesabu kamili bado. Lakini kwa sasa lokesheni yetu ndiyo yenye afya bora kati ya zote walizotembelea. Watu tisa kwa kila kumi wamesema nzuri sana. Ugumu wa kutembea, karibu hakuna. Kifafa, hakuna. Ugumu wa kumeza, hakuna hata mmoja.

Makofi! Watu wakasimama. Zacheus akapiga makofi kwa mikono miwili na fimbo ikaanguka, ikabidi watu wawili wamshike.

Kwa hivyo, akasema, lile gari la mwezi wa kwanza litaanzia ng'ambo ya mto, kwenye uhitaji zaidi. Makofi tena. Mimi nikaangalia hayo makofi. Kwenye kiti cha mbele alikuwa mama mmoja ambaye mume wake tulimzika mwezi wa nne kwa huo ugonjwa tusioutaja. Anapiga makofi. Ana mtoto wa kuoza.

Chifu mdogo akasema, sasa mwelekezi wetu, aliyetembea na hawa wageni, aseme neno moja.

Nikasimama. Nilikuwa nalo hilo neno. Nilikuwa nimelipanga toka Jumanne, fupi, bila jina la mtu: kwamba tumewajibu wakwe zetu, hatujawajibu hawa, waulize tena mwezi wa pili, gari lisipite. Halingemgusa Chemutai hata kidogo. Lingemgusa kila mtu.

Nikamtafuta kwa upande wa akina mama. Alikuwa ananiangalia. Hakutikisa kichwa, hakufanya kitu. Alikuwa amevaa kile kitambaa cha kanisani na shingo yake imekuwa nyembamba hivi, na ameikaza kama mtu aliyebeba mzigo kichwani kwenye mteremko.

Nikasema: kwa niaba ya wananchi, tunawashukuru wageni wetu. Karibuni tena.

Chifu mdogo akasema nipigiwe makofi ya kilo, yale ya kupigwa pamoja kwa mpigo. Nikapigiwa makofi ya kilo.

Quinter hakupiga. Alikuwa anafunga tableti kwenye mfuko wake, anafunga na kufungua zipu ile ile.


Jumatano, 10 Desemba

Nelvine amekuja kutoka Nakuru anakofundisha, alibaki kusahihisha mitihani. Hajamwona mamake tangu Agosti. Alimkumbatia mlangoni, na nikaona mikono yake ikitafuta mgongo mahali ulipokuwa.

Alingoja mpaka tukabaki wawili kwenye zizi.

"Baba, mama anakula nini?"

Nikasema anakula.

"Sikuuliza kama anakula."

Nimefunga mdomo, kama nilivyoahidi. Basi akaenda kwa mamake moja kwa moja. Nilisikia kidogo tu. Nelvine akilia, akisema ataahirisha, Benard ni mtu wa siku hizi, ataelewa. Na sauti ya Chemutai, haikupanda: Benard ataelewa. Benard haji peke yake. Ukiahirisha watauliza kwa nini, na ukiwaambia kwa nini, hawatarudi. Na dada zangu wana wasichana nyuma yako. Wasichana wangapi unataka wakae nyumbani kwa sababu ya koo langu?

Ametamka. Mara ya kwanza nimesikia akitamka.

Nelvine ametoka na macho mekundu, akaanza kuosha sufuria ambazo ni safi.


Ijumaa, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Hema limefika. Ng'ombe mmoja amechinjwa.

Mpango wa kesho: Chemutai atakaa jikoni. Mama wa msichana akiwa jikoni hakuna anayejua amekula ama hajala, wote wanadhani ameonja sufuria. Dada zake wanajua. Nelvine anajua. Wanjuhi, kwa bahati mbaya, anajua.

Chemutai anasema hata maji sasa yanapita kwa zamu.

Jumatatu asubuhi. Nimeshazungumza na mtu wa gari.


Jumamosi, 13 Desemba

Naandika nyuma ya zizi, kitabu juu ya goti. Nimewaambia naenda kuangalia jenereta.

Wamekuja. Magari yamejaa mpaka kwenye majani chai ya jirani. Mambo yote yameenda vizuri — wazee wameelewana kabla ya saa saba, Nelvine na Benard wamepakwa siagi kichwani, wamewekewa ile nyasi ya baraka, watu wamelia kidogo, MC amelia zaidi kwa sababu amelipwa. Mzee mwenye koti amesimama akasema wametembea sana, wameuliza sana, na hawajapata nyumba yenye afya kama hii. Amesema hata kaunti imesema! Watu wakashangilia.

Halafu chakula.

Mama Benard hatukuwa tumemwona vizuri mpaka leo. Mama mrefu, gauni la kumetameta, sauti ya upole. Akasimama akasema hawezi kula wakati mama mwenzake yuko kwenye moshi. Aletwe. Dada za Chemutai wakasema anapakua, wakasema anakuja, wakasema ana haya. Akaenda jikoni mwenyewe, akamshika mkono, akamleta hadi meza ya mbele. Akamketisha kando yake, watu wote wakiangalia.

Sahani zikaja. Chemutai akashika yake, akaongea, akacheka, akapeleka mkono na kuurudisha. Anaweza kufanya hivyo saa nzima, nimemwona. Lakini mama Benard akamega tonge la ugali, akaweka nyama juu, akamtia mkononi.

"Kula, bamwai. Sasa sisi si wageni. Nataka nikuone ukila."

Vigelegele! Tonge la mkono wa bamwai, mkwe mwenzako, halikataliwi. Ukilikataa umekataa yote, hema na watu wake.

Akalitia mdomoni. Mimi nikaangalia paa la hema.

Nilipoangalia tena alikuwa bado anatafuna. Anatabasamu na kutafuna. Mama Benard akamwinamia, nikasikia kwa sababu nilikuwa karibu: Jumatatu uje kwangu asubuhi, nimeita akina mama wote wa kwetu wakuone. Usikose.

Jumatatu asubuhi!

Na Chemutai, mdomo umejaa, akatikisa kichwa kukubali.

Nikasimama. Kiti kikaanguka. Sharti ama si sharti, nilikuwa naenda kusema, pale pale, mbele ya mzee wa koti na mnunuzi wa mtamba na hema zima. Nikapiga hatua kuelekea meza yao, na kwa sababu nilikuwa nimesimama nikaiona sahani ya mama Benard kwa juu.

Ugali wake ulikuwa umezama kwenye supu. Ameukandamiza kwa kidole mpaka umekuwa uji. Nyama zote ziko chini ya mboga ya sukuma, zimefichwa vizuri, moja moja. Na shavu lake la kushoto limejaa, halisogei. Shavu hilo nalijua. Nimelala kando ya shavu kama hilo tangu mwezi wa tisa.

Nikageuka nikasema jenereta.

Nani ameuliza maswali upande wao? Nani ameenda kule kujifanya ananunua mtamba? Sisi hatukumtuma mtu. Tulikuwa tunaogopa kuulizwa, hatukufikiria kuuliza.

MC ananiita kwenye spika. Baba mzazi yuko wapi, baba mzazi aje atupe neno. Hii ni mara ya pili. Nikienda, niseme lipi, na kwa nani kwanza?

Kutoka hapa nawaona katikati ya mbao. Wamekaa bega kwa bega, midomo imefungwa, wanatabasamia wapiga picha. Wanaangaliana shingo. Kila mmoja anangoja mwenzake ameze.